Binti Yangu Anabisha

6 Aprili

Dada yangu,

Nakuandikia kwa sababu kukupigia simu ni kugombana. Mara ya mwisho nilipaza sauti mpaka mlinzi wa hospitali akaja kuuliza kuna nini, na wewe upande wa pili unanijibu kwamba hata huko mvua imenyesha. Karatasi haitaki masikio. Basi zima cherehani, vaa miwani yako, kaa vizuri.

Habari ya kwanza: mdogo wako sasa ni mtu wa utafiti. Ndiyo, mimi, niliyeishia darasa la saba, na hata hilo la saba mwalimu alinipitisha kwa huruma. Nina kitambulisho cha kuning'iniza shingoni chenye picha yangu, na chini yake pameandikwa Kamati ya Familia. Nikipita getini mlinzi yule yule ananiamkia. Wenzangu kwenye kamati wanasema picha yangu ndiyo imetoka vizuri kuliko zote, na mimi siwezi kuwabishia watu wazima.

Nikueleze. Unajua tulipoishia na Fundi, binti yangu: mshipa wa kichwani ulimpasukia akiwa kazini, ndani ya shimo la lifti ya benki, wakampasua, kidonda kimepona, anapumua mwenyewe bila mashine. Lakini hajarudi. Anafumbua macho, dada, halafu yale macho yananipita kama mimi ni ukuta. Zamani sisi ndugu tungeambiwa tukae kwenye benchi nje, tusubiri kuitwa. Hawa wa sasa wamebadilika. Wanasema familia ni sehemu ya matibabu, na ni sehemu ya utafiti pia, tukae nao meza moja tuseme tunachokijua kuhusu watu wetu.

Anayeongoza ni daktari mmoja msichana mwenye miwani mikubwa kama vioo vya pikipiki. Mimi namwita Miwani, na amekubali. Anamvika mgonjwa kofia yenye nyaya, halafu anamsikilizisha sauti ya mtu asiyemjua, kisha sauti ya ndugu yake. Mashine inachora mistari ya kazi ya ubongo. Mstari wa sauti ya ndugu ukiwa tofauti, maana yake ndani kuna mtu anasikiliza. Mwezi wa Juni madaktari wanakaa kikao. Wenye dalili hiyo wanahamishiwa wodi ya mazoezi, wanafundishwa upya kumeza, kukaa, kusema. Wasio nayo wanarudishwa nyumbani na mrija wao wa puani, na sisi tunafundishwa namna ya kuwageuza wasitoke vidonda. Ndivyo ilivyo, hawakutuficha.

Lakini usiwe na wasiwasi. Nimesharekodi sauti yangu. Dada, niliongea. Ilipochezwa, Miwani na mwenzake walitazamana, wakakaa kimya kabisa. Sijawahi kuwanyamazisha madaktari wawili kwa mpigo.

Wanaomba na sauti za ndugu wengine. Tafuta mtu mwenye simu nzuri akurekodi, unitumie.

Mdogo wako,
mama wa Fundi


19 Aprili

Mdogo wangu,

Barua nimeisoma mara mbili, ya pili kwa kuwasomea mafundi wenzangu hapa dukani. Wamefurahi. Yule wa vifungo alilia, ila yeye analia hata uzi ukikatika.

Kama madaktari walinyamaza kwa mshangao, basi mwanangu yuko njiani. Nilijua. Yule mtoto hakukubali kushindwa hata na mkasi wangu wa chuma, akiwa bado hajaota meno ya mbele. Nimeanza kumshonea ovaroli mpya ya kazini, ya kitambaa kizito, mifuko sita, mmoja wa siri kwa ndani. Niandikie kiuno chake kikoje sasa. Kulala kwingi kunapunguza mwili, sitaki imvae yeye badala ya yeye kuivaa.

Sauti yangu nimemtumia jirani yako, mwenye duka la dawa, kwenye simu yake. Atakuja nayo hospitali.

Lakini kuna neno moja sijalielewa. Walitazamana, halafu wakasema nini?

Dada yako


3 Mei

Dada,

Ovaroli ndiyo iliyoniua. Ungeuliza kingine chochote ningejibu. Nilichukua kamba nikampima kiuno, ndiyo, kwa sababu uliniagiza, na nilipoishika ile kamba nikaona nimefika mwisho wa maneno ya kukudanganya.

Walitazamana kwa sababu mstari haukutikisika. Sauti ya mtu baki na sauti yangu, sawasawa, kama maji ya kwenye beseni. Mimi niliyembeba. Miwani hakunikatisha tamaa, alisema mara moja si mwisho, mgonjwa anachoka, tutarudia. Tumerudia. Maji ya kwenye beseni.

Akaniuliza kwa upole kama ndivyo ninavyoongea nyumbani. Tangu mwanzo alituambia kwenye kamati: ongeeni kama mnavyoongea nyumbani. Nilimsikia vizuri. Ila nilifikiri, sauti yangu itasikilizwa na madaktari, pengine na maprofesa wa mbali, wataona mtoto huyu katoka kwa mama wa namna gani? Nikamwendea kijana anayesherehesha harusi, akanipangia maneno. Nilianza hivi: "Kwako binti yangu mpendwa na mtukufu, awali ya yote napenda kuchukua fursa hii adhimu." Nikakohoa kidogo kama wanavyokohoa viongozi. Nikamaliza kwa kumshukuru kwa kunisikiliza.

Sasa sauti yako. Mwenye duka la dawa alikuja nayo, Miwani akaiweka. Dada, wewe kwa kuwa husikii unadhani na wengine hatusikii. Ulianza tu, "MWANANGU," muuguzi akaangusha trei. Wodi nzima ilishtuka isipokuwa aliyekusudiwa. Hata yule dereva wa lori wa kitanda cha jirani, ambaye mkewe anasema hajatikisika tangu aletwe, alitikisa mguu. Mkewe anakushukuru sana.

Nacheka, lakini nimebaki na mwezi huu na ujao. Nikikaa pale namtazama, najiuliza neno ambalo sitaki kulisema mbele ya kamati, nakwambia wewe tu: ndani kuna mtu, au namchana nywele mtu aliyekwisha ondoka?

Usiache kushona. Tafadhali.

Mdogo wako


14 Mei

Mdogo wangu,

Sijaacha. Mfuko wa siri nimeurudia, ulikuwa umekaa vibaya.

Sasa unisikilize mimi kiziwi. Watu wakijua kwamba sisikii wanabadilika. Wananikaribia, wanapanua mdomo kama wanatapika, wanatoa neno moja moja, wanachagua maneno ya ofisini. Siambulii kitu. Najua tu kwamba mtu ananionea huruma. Lakini wateja wawili wakikaa kwenye benchi langu wakateta kuhusu mume wa mtu, wameinamiana, hawana habari na mimi, napata yote. Nimefuatilia maisha ya mji mzima kwa namna hiyo.

Unajua kwa nini? Kwa sababu pale nawajua. Najua yule atasema nini kabla hajasema, na akisema kingine nashtuka.

Mwanao hujawahi kumwita mtukufu. Hajawahi kuishi na mwanamke anayechukua fursa adhimu. Umemletea mgeni mwenye sauti yako.

Acha kuongea naye. Ongea tu. Kaa hapo uwe wewe, na Mungu atusamehe, sote tunajua wewe ni nani.

Dada yako


29 Mei

Dada,

Kama umesimama, kaa. Kama umekaa, shika kitu.

Barua yako niliisoma nikanuna siku mbili. Ya tatu, Miwani alikuja kumvika Fundi kofia. Hiyo ni kazi ya wawili: yeye anapachika nyaya kwa dawa nzito kama ya mswaki, mimi nashika kichwa na kutenga nywele, kwa sababu najua palipo na kovu la utotoni na wapi nywele zinaota kwa ukaidi. Kofia ilishakaa. Rekodi haijaanza, yeye yuko kwenye mashine anaangalia kama nyaya zote zimeshika.

Akaja mke wa dereva kuazima beseni. Akasimama, akaniuliza, hivi mwanao alikuwa anafanya kazi gani?

Dada, unanijua. Kuniuliza habari za mtoto wangu ni kufungua bomba na kuondoka na koki. Nikamwambia huyu unayemwona hapa ndiye ameshika lifti zote za mji huu. Nikamwambia mkuu wa benki haingii kwenye lifti mpaka apige simu aulize kama Fundi ameipitia leo. Nikamwambia kuna siku lifti ilikwama ghorofa ya thelathini, imebaki inaning'inia kwa kamba moja, akashuka kutoka juu kama buibui, akaokoa watu kumi na mmoja, na katikati yao bibi harusi na shela lake.

Nikasikia Miwani anasema, sauti ya chini, hakunitazama: "Mama, usisimame. Rudia hapo kwenye ghorofa."

Nikadhani hadithi imemnogea. Nikairudia, nikaipandisha mpaka thelathini na mbili.

Akageuza kioo cha mashine nione. Yale maji ya kwenye beseni, dada, yamesimama. Mlima. Halafu nikamtazama mwenyewe pale kitandani, na katikati ya nyusi zake palikuwa na mkunjo. Mkunjo ule naujua, na wewe unaujua. Ndio ule anaonikunjia nikianza kumsifu mbele ya watu, kabla hajasema "Mama, basi."

Ile benki ina ghorofa kumi na mbili. Lifti ilikwama ya pili. Waliokuwemo ni mzee mmoja, tarishi, na mwanamke wa usafi na ndoo yake. Fundi alishaniambia hayo mara nyingi, kila nikiwasimulia watu ananisahihisha, na mimi kila mara nasahau.

Miwani si mtu wa kuamini kwa kupenda. Alimwambia mke wa dereva aseme uongo huohuo: mstari ulicheza kidogo, ukalala. Akaniambia nisome maandishi ya kwenye boksi la glavu: ukalala. Akaniambia niseme jambo la kweli kuhusu mwanangu. Nikasema anapenda chai iliyopoa. Ukainuka taratibu, kama mtu anayeitikia kwa kichwa. Akasema sasa ongeza chumvi. Nikasema alipokuwa shule aliwashinda wote mpaka mwalimu mkuu akaomba amfundishe. Dada, mlima ulitaka kutoka nje ya kioo.

Wakarudia siku iliyofuata, mwenzake akiwa nje ya pazia anachagua kwa kura nitakachosema, cha kweli au cha uongo, ili mtu asije akasema tulipanga. Miwani mwenyewe alikuwa hajui ni kipi kinakuja. Ilikuwa vilevile. Alivua miwani yake, akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Nikamuuliza maana yake nini, nieleze kama unavyomweleza mama yako.

Akasema: "Ubongo unashtuka neno lisipolingana na kile unachokijua. Kushtuka hivyo, ni lazima uwe umesikia, umeelewa, umekumbuka, na umekataa. Mama, binti yako anakubishia."

Nilishika chuma cha kitanda. Nimemzaa mtoto huyu, nimemwona akitoka, nilidhani nimeshaona ajabu ya mwisho. Sasa nimeona wazo la mtu. Limepita kwenye kioo mbele ya macho yangu, mstari wa kijani, upana wa kidole, kabla yeye mwenyewe hajaweza kulisema. Amelala pale wiki hizi zote, amefungwa ndani kama kwenye lifti zake, na yuko macho anahesabu ghorofa. Na mimi nilikuwa namsomea hotuba.

Sikulia. Mke wa dereva alilia kwa niaba. Halafu akaniuliza, kwa sauti ndogo, mumewe ni jambo gani ambalo angeweza kumkasirisha nalo.

Binti yangu anabisha, dada. Waambie wa dukani.

Mdogo wako


8 Juni

Mdogo wangu,

Nimewaambia. Wa vifungo tumempeleka nje akapate hewa.

Mimi sikuweza kusoma kwa sauti. Nilifika hapo kwenye "umekataa" nikaikunja barua. Nikazima cherehani, nikakaa. Unajua kwangu kimya ni kitu cha kila siku, lakini hiki kilikuwa kingine. Nilikuwa najaribu kufikiria hilo wazo la kijani linavyopita. Nimeshona miaka yote hii, sijawahi kuona sindano inayopita bila mkono.

Sasa niambie kweli. Umeongeza chochote kwenye barua ile? Mimi siwezi kukunja uso ukaona.

Na uongo wako wote wa maisha, kumbe ulikuwa unaweka akiba. Ila usinivimbie. Kesho utanitaka nikusifu.

Kikao kikikaa, usingoje posta. Tuma mtu.

Dada yako


27 Juni

Dada yangu,

Sikuongeza. Kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe nimekutana na jambo lisilohitaji msaada wangu.

Yule kijana niliyemtuma amekwisha kukuambia kwamba kikao kimempitisha. Yuko wodi ya mazoezi, dirisha kubwa, ukutani kuna fito za kujishikilia. Mrija bado upo, miguu bado haina habari. Lakini amejua kutumia macho. Akitaka kusema ndiyo anatazama juu, akitaka kusema hapana anayafumba. Mtaalamu wa mazoezi anasema safari ni ndefu, inaweza kuwa ya miaka, na hakuna anayejua itaishia ghorofa gani. Hayo naandika kama alivyosema, sijapandisha wala kushusha.

Kamati sasa imenipa kazi. Familia mpya zikija, mimi ndiye nazipokea. Nawaambia wasiniletee hotuba. Jana baba mmoja alirekodiwa akigombana na mwanawe kuhusu funguo za gari, dakika nzima, na mlango wa kabati ukisikika ukibamizwa. Rekodi nzuri sana. Mke wa dereva naye anaendelea kutafuta. Amemwambia mumewe kwamba ameuza lori. Mstari haujasimama bado, lakini anasema hajamaliza, ana mengine.

Ninachotaka kukuandikia ni cha leo asubuhi.

Alipokuwa hawezi kujibu, mimi ndiye niliyetia sahihi kwa niaba yake, kwamba anakubali kuwa kwenye utafiti. Sasa anaweza kujibu, kwa hiyo Miwani akasema sahihi yangu imekwisha kazi yake, ni lazima aulizwe mwenyewe. Anataka kuendelea au hataki. Akitaka kuacha, matibabu yatabaki palepale, hakuna atakayemnunia. Na kuna ombi la pili: wangependa madaktari wa kwingine wasikilize rekodi zile na kutazama mistari yake. Anaruhusu au haruhusu.

Mimi nilishajitengenezea jibu. Nilishawaambia wenzangu kwenye kamati kwamba mwanangu atasikilizwa dunia nzima. Nilivaa vizuri, nikakaa kando ya mto, nikaweka mkono begani kwake kama watu wanaopigwa picha.

Miwani akavuta kiti, akainama mpaka macho yao yakawa sawa. Akamwambia, kabla ya maswali yangu kuna swali lako. Ungependa mama awepo wakati nakuuliza?

Akafumba macho.

Miwani hachukui jibu moja. Akaligeuza swali: "Ungependa mama atusubiri nje?"

Akatazama juu. Polepole, mpaka weupe wote ukaonekana, tusije tukakosea.

Basi nikainuka. Nikachukua mkoba, nikausahau, nikarudi kuuchukua. Nikatoka, mlango ukafungwa. Korido ilikuwa tupu, kuna ndoo ya usafi na tambara limeanikwa juu ya mpini wake, sakafu bado mbichi. Nikasimama ukutani kwa sababu sikutaka kukanyaga. Niliumia, dada, sitakudanganya. Mimi niliyemgeuza, niliyemchana, niliyemtafutia mpaka nikampata. Nikasema moyoni, ndiyo shukrani.

Nikiwa katikati ya kunung'unika hivyo, ikanifikia. Nilikuja hapa nikiuliza kama ndani kuna mtu. Mashine ikanionyesha kwamba yupo, na anasikia, na anakumbuka, na anabisha. Lakini yote hayo alikuwa ananijibu mimi. Nikisema, anashtuka. Nisiposema, sina habari naye. Leo amefanya kitu ambacho sikukianzisha. Ana jambo lake, amelifikiria akiwa peke yake kwenye lile giza, akalipima, na akaona mama yake asilisikie. Mtu anayeweza kunitoa chumbani ni mtu mzima kamili, dada, hata kama hawezi kuinua kijiko.

Miwani alitoka baada ya muda. Nilimtazama tu, sikuuliza, nawe unajua hiyo ilinigharimu nini. Akaniambia amejibu yote mawili, vizuri, bila kusitasita.

Kisha akasema: "Nilimuuliza kama nikwambie. Alifumba macho."

Sijui alisema nini. Ukiniuliza wewe, sijui. Wakiniuliza kwenye kamati, sijui. Nilirudi ndani nikakaa kando yake, nikamtazama uso wake, kama unavyotazama nyumba ambayo taa inawaka na mlango umefungwa kwa ndani.

Sikugonga.

Mdogo wako